Uvimbe wa titi nikiwa na miaka 16: upasuaji wangu hapa Kisumu, nyota nne

Muhula wote wa pili nilishinda na sweta ya shule, hata saa saba mchana na jua la Kisumu likiwaka. Titi la kushoto lilikuwa limeanza na kigololi kisichouma, kikiteleza chini ya vidole. Kufika likizo ya Agosti lilikuwa kubwa mara mbili ya lenzake, ngozi imevutika inang'aa, mishipa imechomoza, chuchu imesukumwa upande.

Zahanati ya kwanza ilisema ni jipu. Nilimeza antibayotiki wiki tatu, uvimbe ukazidi kukua. Wiki hizo bado zinaniuma moyoni. Jipu huwa na maumivu na joto, nami sikuwa na lolote kati ya hayo.

Hospitali ya pili ndiyo ninayoisifu. Daktari wa upasuaji aliniomba ruhusa kabla ya kunigusa, mama akiwa kando yangu. Nilifanyiwa altrasaundi, si mamografia (eksirei ya titi), kwa kuwa nyama ya titi la msichana imeshikana sana na mamografia haionyeshi vizuri. Kisha bayopsi: ganzi kidogo, sindano nene, mlio kama wa stepla, na vipande vyembamba kama tambi vikatiwa kwenye kichupa. Majibu yakaja: faibroadenoma, uvimbe wa titi usio kansa. Mama aliuliza mara tatu, "Daktari, si kansa?" Akajibiwa mara tatu, bila kuharakishwa.

Alitueleza kwamba ikifika zaidi ya sentimita 5 huhesabiwa kuwa kubwa, na homoni za kubalehe huichochea. Kuna uvimbe mwingine unaofanana nayo, failodi, ambao hutolewa pamoja na ukingo wa nyama yenye afya inayouzunguka. Ndiyo maana alitaka kipande kipimwe kabla ya kisu. Dada zangu, msikubali kupasuliwa bila kipimo hicho.

Jirani alikuwa ameshatuambia titi lote litakatwa. Sivyo kabisa. Nilipewa nusu kaputi, wakapasua kwenye mkunjo wa chini, wakalitoa donge zima na utando wake. Titi langu lilibaki. Mama alionyeshwa donge lenyewe: jeupe, gumu, lenye vifundo, gramu 640. Nilikaa na mrija wa kutoa maji siku mbili. Bili, SHA, bima ya afya ya serikali, ililipa sehemu, nyingine jamaa wakachanga.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu hakuna aliyenitayarisha kwa nitakachokiona bandeji ikifunguliwa. Ngozi ilikuwa imelegea na kujikunja, nikalia usiku kucha. Miezi ilivyopita ikajivuta yenyewe, na sasa tofauti naijua mimi tu. Kovu limeinuka kidogo; kama kwenu kuna keloidi, yaani makovu yanayovimba, mwambie daktari mapema.

Uvimbe huu unaweza kuota tena, kwa hiyo narudi kupimwa. Mara ya mwisho hakikuonekana kitu. Nilienda moja kwa moja soko la Kibuye kumwambia mama. Alikuwa akimjazia mteja gorogoro ya omena. Akamwongezea konzi mbili.