Studio ya chumbani: maiki, saundi kadi na programu ninazotumia kila siku

Habari zenu wadau, karibuni. Kabla ya maneno mengi, vaeni hedifoni msikilize vipande viwili. Hiki hapa cha kwanza. Na hiki cha pili. Mwimbaji ni yuleyule, ubeti ni uleule, na tumerekodi hapahapa nilipokaa, saa nane mchana. Kwenye cha kwanza umemsikia mwimbaji, ukasikia na feni, na bodaboda iliyopita uchochoroni, na jirani anayekwangua sufuria uani. Kwenye cha pili umemsikia mwimbaji.

Cha kwanza ni maiki ya kondensa, ile nene inayoning'inizwa kichwa chini, ambayo karibu kila kijana anayeniandikia anaulizia bei yake. Cha pili ni Shure SM58, maiki ya dainamiki, ileile mnayoiona mikononi mwa waimbaji wa bendi na wahubiri, iliyoingia sokoni mwaka 1966. Kama unarekodia chumba cha kupanga, chenye dirisha la nyavu na paa la bati, nakwambia nunua hii ya pili. Kondensa ni maiki nzuri mno, lakini kazi yake ni kusikia kila kitu, na mitaa yetu hailali.

Najua wapo watakaosema dainamiki ni ya jukwaani tu. Mwaka 1982 fundi wa sauti Bruce Swedien alimrekodi Michael Jackson kwa Shure SM7, na hiyo ni dainamiki. Yule hakukosa maiki ya kondensa. Alisikiliza, akachagua.

Hapa niwape tahadhari, na naisema kwa uchungu. SM58 inaigwa sana. Ya kwangu ya kwanza niliinunua duka ambalo sitalitaja, boksi safi, karatasi za maelekezo zimo, kumbe feki. Nilikaa nayo miezi minne nikiamini tatizo ni koo za watu ninaowarekodi. Kuna dada mmoja nilimrudisha kwenye ubeti mmoja mara kumi na tatu, akaondoka amenyong'onyea, na kosa halikuwa lake hata kidogo. Basi nendeni dukani na mizani ndogo ya kidijitali, zile za jikoni. SM58 halisi, bila waya, ina gramu 298. Ile yangu, siku nilipokuja kuipima, ilisoma 231. Uzito kuwa sawa hakuthibitishi kwamba ni halisi, lakini ukipungua kiasi hicho, usitoe hela.

Tuje kwenye saundi kadi, kile kiboksi kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta. Hii nyekundu ni Focusrite Scarlett Solo. Ina tundu moja la maiki na moja la gitaa au kinanda, basi. Kama mnaimba wawili kwa pamoja, kila mtu na maiki yake, chukueni ndugu yake, Scarlett 2i2, yenye matundu mawili ya maiki. Ninachoipendea Solo ni kwamba inakula umeme wa kompyuta kupitia waya wa USB. Umeme ukikatika katikati ya ubeti, laptop ikiwa na chaji, mwimbaji anaendelea kuimba. Hiki kitufe cha 48V kinapeleka umeme kwenye maiki ya kondensa. SM58 haikihitaji, kiacheni kimezimwa. Na hili duara la taa hapa ndilo la kukodolea macho. Mwambie mwimbaji aimbe ile sehemu anayopaza kuliko zote, asikuonee haya, halafu zungusha geini, yaani kitufe cha kuongeza nguvu ya maiki, taratibu mpaka vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6 kwenye programu. Taa ikigonga nyekundu, sauti imepasuka. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hakuna plagini, zile programu ndogo za kurekebisha sauti, itakayoirudisha ilivyokuwa.

Mkisikia mvumo wa chini chini, "mmmm", usioisha, chomoeni chaja ya laptop kabla ya kulaumu kadi. Nyumba zetu nyingi soketi hazina waya wa ardhini, na mvumo mara nyingi unapitia hapo. Nachomoa sasa. Mmesikia ulivyokatika?

Swali ninaloulizwa sana: "Kaka, mbona nikiimba najisikia nimechelewa?" Sauti yako inaingia kwenye kompyuta kwa mafungu. Fungu likiwa la sampuli 1024 (vipimo vidogo vidogo vya sauti), kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni kama milisekunde 23 za kungoja, na bado njia ya kurudi hedifoni. Mwimbaji anayejisikia hivyo hupoteza mapigo bila kujua sababu. Shusheni fungu hadi sampuli 128, ni kama milisekunde 3. Kompyuta ikishindwa, ikaanza kukatakata sauti, washeni hiki kitufe cha Direct: unajisikia moja kwa moja kutoka kwenye kadi, kompyuta haihusiki.

Programu. Wengi mnatengenezea biti, yaani mdundo wa wimbo, kwenye FL Studio, na mimi pia. Ukishanunua leseni, matoleo mapya unapata bure maisha yako yote. Ila ile ya majaribio inahifadhi kazi na haiifungui tena mpaka ulipie, kwa hiyo msianzie humo kazi ya mteja. Vokali narekodia Reaper. Faili lake la Windows ni chini ya MB 20, linashuka hata kwa bando la siku, na linakimbia kwenye laptop kuukuu kama hii. Unaijaribu siku 60 bila kufungiwa chochote, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Lipeni. Programu zilizovunjwa leseni zimewaletea virusi vijana ninaowajua, wakapoteza nyimbo za mwaka mzima. Udhaifu wa Reaper ni kwamba haiji na vinanda wala ngoma za maana, na sura yake ya kijivu inamchosha mgeni wiki ya kwanza. Toa biti FL kama faili la sauti la WAV, ingiza Reaper, rekodi vokali kwa ubora wa 24-bit, unasonga.

Sasa chumba, na hapa ndipo ningependa mnisikilize kuliko kote. Toeni trei za mayai ukutani. Ni karatasi nyembamba, hazizuii kelele za nje, na mwangwi zinaupunguza kidogo sana, tena ule wa juu tu. Chukueni godoro la kitanda. Na msilisimamishe nyuma ya maiki kama ninavyoona kwenye picha mnazonitumia. SM58 inasikia mbele na haisikii vizuri mgongoni, na mbele yake yuko mwimbaji, na nyuma ya mwimbaji kuna ukuta mtupu unaorudisha sauti. Godoro linakaa mgongoni kwa mwimbaji. Pembeni natundika blanketi nzito mbili kwenye kamba ya nguo, nimezikunja mara mbili. Mdomo na maiki, upana wa vidole vinne. Feni naizima, maji ya kunywa naweka karibu, tunarekodi vipande vifupi ili mtu asiungue na joto.

Nawawekea ubeti mzima wa kile kipande cha pili, bila plagini hata moja. Kwenye sekunde ya arobaini hivi mvua inaanza kugonga bati. Nimeiacha makusudi, msikie ilivyo mbali.