TAHADHARI: fundi wa zege anayekuhesabisha mifuko mitupu ya saruji, yuko Arusha sasa hivi

Ndugu zangu, mwenye mpango wa kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, mwezi huu asome hapa kabla hajatoa kianzio. Mimi alinimwagia jamvi la gereji yangu ya Kisongo, ninamolaza gari. Jina la huyo fundi silitaji hapa. Anajiita kandarasi, ana mikisa yake (mashine ya kuchanganya zege) na vibarua sita, na bado anapokea kazi.

Saa nane mchana zege lilikuwa limeshasawazishwa, linang'aa kama kioo. Akaita: "Bosi, njoo uhesabu mifuko mwenyewe, kesho nisije nikaambiwa nimeiba." Mifuko mitupu ilikuwa imepangwa juu ya tofali, fungu moja kumi, jingine kumi na minne. Nikahesabu mara mbili. Ishirini na minne kamili, kama tulivyokubaliana. Nikamshika mkono, nikamtumia salio lote kwa simu tukiwa tumesimama palepale, na vibarua wakapewa soda.

Ninaona aibu kuyaandika haya, maana hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Mita 6 kwa 4, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 3.6. Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) linakula kama mifuko sita na nusu kasoro kidogo kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo 23, na mmoja wa akiba. Kila mfuko wa kilo 50 ni ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20. Mtu aliyetaja vipimo hivyo bila kusoma popote, aliyekuja na pima maji yake na kamba yake, aliyekataa kupokea malipo yote mwanzoni na kuomba nusu tu, ungemkataa kwa lipi? Alinipeleka hadi Njiro kuonyesha sakafu aliyoimwaga. Ilikuwa nzuri kweli. Sasa najua kwamba sakafu huonyesha uso, tumbo hulioni.

Siku ya nne ukatokea ufa kutoka ukuta hadi ukuta. Ufa wenyewe ungeweza kusamehewa, kwa sababu hakukata kiungo, ule mkato wa kugawa jamvi, na jamvi la mita 6 lisilokatwa katikati litajikata lenyewe. Kilichonistua ni sauti. Ukigonga pembeni kwa nyundo linajibu mlio mkavu, ukigonga katikati linajibu kama debe. Tukatoboa kwa tindo. Pembeni sentimita 15, sawasawa na ubao uliozungushiwa zege. Katikati, pale gurudumu linapopita, sentimita 6 na nusu. Waya meshi, yaani wavu wa chuma, uko chini kabisa, umelala juu ya nailoni ya kuzuia unyevu, na nailoni yenyewe imeishia nusu ya chumba.

Ndivyo anavyofanya. Kifusi anakishindilia vizuri pembeni ambako utapima, halafu katikati anakiacha kiinuke kama mgongo wa ng'ombe. Ukisimama mlangoni unaona mbao za sentimita 15 zimefunga pande zote, unaridhika. Kwa wastani lile jamvi halifiki sentimita 9, na zege la namna hiyo linatosha mifuko 13. Mifuko 11 mizima iliondoka saa tano kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, iliyokuja "kuchukua mbao", imefunikwa turubai. Mitupu 11 aliitoa kwenye kazi nyingine. Baadaye nilirudi kuikagua: mfuko uliofunguliwa asubuhi ukiukung'uta unatoa vumbi laini, ila ile 11 ilikuwa na vigamba vya saruji iliyoganda kwenye mapindo. Ushahidi ulikuwa mikononi mwangu wakati nahesabu!

Na udongo wa pale ni ule mweusi, unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Udongo huo unatakiwa uondolewe, ujazwe moramu (changarawe ya kushindilia) kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kiasi na lipigwe kompakta (mashine ya kushindilia), ndipo mawe, ndipo nailoni, ndipo meshi ikae juu ya biskuti za zege, vile vipande vya kuinyanyua, za sentimita 5. Meshi iliyo chini haishiki ufa wowote. Sentimita 6 na nusu juu ya udongo unaovimba, chini ya gari la tani mbili na nusu, ni kuua gari na kuua mtu anayelala chini yake akifungua oili.

Huyu si wa kuonywa. Arudishe mifuko 11, alipie kuvunja, alipie kumwaga upya, na afike polisi kwa wizi kama mwizi mwingine yeyote, kwa sababu anayebeba saruji yako mchana na kukuhesabisha makaratasi hana tofauti na anayeruka ukuta usiku. Aliulizwa kama amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, akasema kazi ndogo haina haja. Hapo ndipo ningemfukuza.

Dalili nyingine, kwa haraka: hataki upime kwa rula katikati kabla ya kumwaga. Anasema meshi "tutainyanyua kwa ndoano wakati wa kumwaga". Anaingiza mpira wa maji moja kwa moja kwenye mikisa, wakati mfuko mmoja hautaki zaidi ya lita 25 hadi 28. Akimaliza anaondoka bila kutaja kumwagilia siku 7, wala gari kusubiri siku 28. Na hesabu mifuko ikiwa mizima, inapofunguliwa, mmoja mmoja. Mitupu haihesabiwi.

Jumamosi asubuhi jamvi linavunjwa, kuanzia saa mbili. Mwenyekiti wa mtaa atakuwepo aandike. Kama amekumwagia na wewe, toboa katikati, usitoboe pembeni, pima kwa rula, piga picha rula ikiwa ndani ya tundu, uje nayo pamoja na ujumbe wa malipo. Tukifika kituoni watu watano wenye vipimo, hatapata pa kusema ni bahati mbaya.