Fimbo ya cheche, miezi minane baadaye: inafaa, ila siyo vile tangazo linavyosema

Kuna watu wananiuliza kila siku kuhusu hii fimbo ya cheche, ile nyeusi fupi kama penseli iliyonenepa ambayo ukiikwangua inarusha cheche za kuwashia moto, wengine wanasema ni dili wengine wanasema utapeli, sasa leo naandika yote kwa mpigo mmoja maana nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimekaa nayo miezi minane, nimelala nayo nje kwenye mvua, kwenye baridi, na mara moja kwenye upepo uliotaka kuondoka na hema na mimi nikiwa ndani.

Niliagiza mtandaoni, ikaja kwenye kimfuko na vitu vyake: fimbo yenyewe unene wa milimita 8 na mpini wa plastiki, kibati cha kukwangulia chenye meno upande mmoja, halafu kamba ya kuvaa mkononi yenye filimbi na dira ndogo kama kifungo cha shati. Hiyo dira tutaifikia.

Siku ya kwanza kidogo niirudishe. Nimekaa nje nakwangua weee, hakuna hata cheche moja, kibati kinateleza tu kama nakwangua sabuni, nikajisemea haya nimeshapigwa. Kumbe fimbo mpya inakuja imepakwa rangi nyeusi ya kuikinga na kutu, na hiyo rangi lazima uitoe kwanza mpaka uone chuma kinang'aa chini yake, ila karatasi ya maelekezo haisemi hilo popote, imejaa picha za jamaa mwenye ndevu anatabasamu mbele ya moto mkubwa. Kwangua kwa nguvu mara tano sita sehemu ileile, rangi inabanduka, na pigo linalofuata utaruka mwenyewe. Cheche zake zinafika karibu nyuzi 3,000 za sentigredi, zinamwagika kama mafundi wa kuchomelea mageti wako kazini.

Na wengi wanaiita jiwe lakini siyo jiwe. Ni feroseriamu, mchanganyiko wa chuma na metali kama seriamu na lanthanamu, alioutengeneza Carl Auer von Welsbach wa Austria na kuuchukulia hataza mwaka 1903. Ukiikwangua unaondoa vipande vidogo sana vya fimbo na vikigusana na hewa vinawaka vyenyewe. Ni tofauti na gumegume la zamani, pale jiwe ndilo linabandua vichembe vya chuma na chuma ndicho kinachowaka. Na hii utaipenda: kile kijijiwe kilichomo ndani ya laita yako ni kitu hichohicho, kwa hiyo kila mwenye laita tayari ana fimbo ya cheche ndogo mfukoni, hata gesi ikiisha cheche zipo, ukiweka pamba iliyochambuliwa karibu kabisa na gurudumu unaweza kupata moto.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho tangazo halisemi. Cheche siyo moto. Unaweza kuwa na cheche za kumwaga na ukalala na baridi yako vizuri tu.

Nimelijua hilo mwezi wa pili nikiwa nayo. Tulikuwa watatu, mvua imeanza jioni ikakatika usiku, kila kitu kimelowa mpaka soksi za akiba. Jamaa yangu mmoja laita yake ilikuwa mfuko wa suruali, anaizungusha wee hata cheche haitoi maana gurudumu limelowa. Mimi nikajiona mjanja, njiti zangu za kiberiti nilizifunga kwenye kichupa cha plastiki, kavu kabisa, nikazitoa kwa madaha. Kiboksi chake kiko wapi? Kiko kwenye koti, kimegeuka uji. Na njiti za kawaida za siku hizi hazina fosforasi kichwani, ile fosforasi nyekundu iko kwenye ule ubavu wa kiboksi, ubavu ukishalowa njiti zako ni vijiti vya kuchokolea meno tu. (Tangu siku ile nakata kipande cha ule ubavu naweka ndani ya kichupa pamoja na njiti.)

Basi nikatoa fimbo, nikasema tulieni muone. Dakika ishirini jamani. Cheche zinamwagika kwenye nyasi, nyasi zinasema tsss na kunyamaza. Nyasi za juu zilionekana kavu lakini ukizishika zina unyevu, na cheche ina joto kali ila ni kadogo mno na kanakufa sekunde hiyohiyo, hakawezi kukausha kitu kwanza halafu kikawashe. Laita au njiti inakupa mwali unaokaa, ukiweka kitu chenye unyevu kidogo mwali unakikausha huku unakichoma. Cheche haina muda huo. Ukiwa na fimbo lazima uwe na kitu kikavu kabisa na chenye manyoya, kama huna basi huna moto.

Kilichotuokoa ni mfuko wa huduma ya kwanza. Mule ndani kuna pamba, na mwenzetu mwingine ana mafuta ya midomo, yale ya kopo dogo. Nikachukua pamba kama ukubwa wa kidole gumba, nikapaka mafuta nusu yake tu, nusu nyingine nikaichambua mpaka ikawa kama wingu. Wakati huohuo wao wawili wanatafuta kuni, na hapa nilipiga kelele wasiokote za chini, kuni iliyolala ardhini inanyonya maji kama sponji, tafuta tawi lililokufa likiwa bado limesimama au limening'inia, livunje, likikatika kwa mlio wa "tak" chukua, likipinda achana nalo. Wakaleta tawi nene la mkono, limelowa nje, tukalipasua kwa kisu huku tukikigonga kwa gogo, na ndani lilikuwa kavu, jeupe. Nikalinyoa bila kumaliza kukata, yani unaacha vile vinyozi vimejikunja palepale kwenye kijiti mpaka kinafanana na kuku aliyevimba manyoya.

Pigo la kwanza nikaharibu. Mikono inatetemeka, nikasukuma kibati kwa nguvu mbele, kibati kikaipiga pamba yangu ikaruka kwenye tope, ikabidi nianze upya na pamba nyingine. Ndiyo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisoma nikakidharau: usisukume kibati, shikilia kibati palepale karibu na pamba halafu vuta fimbo nyuma, kuja kwako. Cheche zinadondoka sehemu ileile na mkono haugusi kitu. Nikavuta mara moja, mara mbili, ya tatu pamba ikashika, mwali mdogo wa njano umekaa umetulia, na kwa sababu ya yale mafuta haukukimbia. Vinyozi juu yake, vijiti vya unene wa njiti ya kiberiti, halafu vya penseli, halafu vya kidole, polepole, hakuna kurundika maana moto unataka hewa kama wewe.

Moto umeshakolea, tunaota mikono, jamaa anatoa laita yake kwapani alikokuwa ameibana muda wote, anaizungusha, chwaa, inawaka mara ya kwanza. Tulicheka mpaka mbavu zikauma lakini mimi nilipata somo langu. Laita iliyolowa haijafa, ipulize, viringisha gurudumu lake kwenye nguo kavu mara kadhaa, subiri dakika chache. Na kwenye baridi kali ikigoma ni kwa sababu gesi ya butane ikishuka karibu na nyuzi sifuri inakataa kugeuka mvuke, iweke kwapani ipate joto itarudi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue fimbo au laita, mimi nasema laita mbili kwanza, kila moja mfuko wake, halafu fimbo. Fimbo inakuja kushika nafasi pale vingine vikiwa vimeisha, haimwagi gesi, haipasuki, ikidumbukia mtoni unaifuta inafanya kazi. Lakini mtu anayeinunua na kuitupa kwenye begi bila kujaribu hata mara moja amenunua pambo.

Baada ya ile siku nilikaa nyumbani nikafanya majaribio. Pamba kavu tupu inawaka fyuu, sekunde chache imeisha. Pamba ileile ikiwa imekandwa na vaselini nilipima kwa simu, dakika nne na ushee, hapo unaweza kuwashia hata kuni mbishi. Iwe pamba ya kweli lakini, zile za plastiki zinayeyuka tu zinanuka. Kosa la wengi ni kuiloweka mafuta yote mpaka ndani, cheche haishiki, lazima ukishaitoa uichambue upate nyuzi kavu katikati. Kumi zinaingia kwenye kikopo kidogo na wala hazina uzito. Vipande vya tyubu ya baiskeli navyo vinawaka hata vikiwa vimelowa, ila moshi wake mweusi usiupikie kitu na havishiki cheche, vinataka mwali.

Ile mbinu ya kuwasha moto kwa betri ya volti 9 na ile stiliwaya laini ya kusugulia sufuria, ndiyo inafanya kazi, unagusisha tu nyuzi zinageuka nyekundu kama kaa, kisha unapuliza. Sema usiviweke mfuko mmoja. Jamaa yangu begi lilianza kutoa moshi akiwa amelivaa mgongoni, anakimbia huku hajui anamkimbia nani.

Kupekecha kwa vijiti, ulindi na wimbombo kama mababu, nimejaribu siku ya jua kali nimeshiba nimepumzika. Saa mbili nzima. Nilipata malengelenge manne na moshi mzuri sana, na ule unga mweusi ulitoa kaa dogo ambalo nililipuliza kwa pupa likazimika. Heshima kwa wanaoweza, mimi usinitegemee. Petroli je? Hapana, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka miguuni kwako, ukiwasha unashika wote kwa mpigo na wewe umo katikati.

Kwenye dharura ya kweli, yani umepotea au umelowa na giza linaingia, anza kukusanya kabla hujaanza kutetemeka. Vidole vikishakufa ganzi hata kufungua zipu ni mtihani, nimeona mwenyewe siku ile ya mvua, ningesubiri nusu saa nyingine nisingeweza kuchambua ile pamba. Kusanya kuni mara tatu ya unazodhani zinatosha. Kama unataka uonekane, mioto mitatu kwa mstari au pembetatu ni ishara ya kuomba msaada inayojulikana kimataifa, na mchana rundika majani mabichi juu ya moto uliokolea upate moshi mzito. Usiwashe ndani ya hema hata kama baridi inakung'ata, wala usiingize makaa humo, kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu ya moto na makaa, haina harufu na itakukuta umelala. Na mawe ya mtoni usiyazungushie moto, maji yaliyomo ndani yakichemka jiwe linaweza kupasuka likakurukia. Ukiondoka mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, kisha sogeza mgongo wa mkono ukisikia joto hujamaliza.

Kasoro za fimbo yenyewe sasa. Kibati ni kibutu, meno yake sijui ya nini, tangu mwezi wa tatu natumia mgongo wa kisu wenye kona kali na cheche zimekuwa mara mbili (mgongo, siyo makali, utaua kisu). Mpini uliachia mwezi wa tano, gundi tu ilikuwa imeshikilia, fimbo ikachomoka katikati ya shughuli, nikaibandika na gundi ya maji haijatoka tena. Inakula kutu pia, niliiacha kwenye begi lenye unyevu wiki mbili nikaikuta ina unga wa kijivujivu, ukienda ufukweni na chumvi ni mbaya zaidi, kwa hiyo ifute uipake mafuta kidogo au rangi ya kucha, utaikwangua siku ya kazi. Wameandika mapigo 12,000, mimi sijahesabu na sidhani kama wao wamehesabu, ila kwa miezi minane imepungua upande mmoja kidogo tu. Ukipata ya milimita 10 au zaidi chukua hiyo, hii ya 8 kwenye mkono wenye baridi inaponyoka.

Fimbo naipa nne kwa tano. Kibati moja. Dira sifuri, nimeizungusha chumba kizima inasema kaskazini ni kwenye friji. Filimbi haina shida yoyote, inalia mpaka majirani wanafungua madirisha, mwanangu kaichukua na hataki kuirudisha.