Adapta ya waifai ya USB kwenye kompyuta ya mezani: ni nzuri, ila usiichomeke nyuma ya CPU

Kwa wenye haraka naanza na maksi kabisa, nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa), kifaa chenyewe hakina shida. Lakini wiki ya kwanza nilikuwa nimeshaamua kuirudisha, hadi boksi nilikuwa nimelifunga, kwa hiyo kama unayo na inakusumbua soma kwanza kabla hujaiita mbovu.

Ni zile za USB zenye antena moja ya kuzungusha, inashika masafa yote mawili ya waifai, 2.4 GHz na 5 GHz, kwenye boksi wameandika AC600. Hiyo 600 usiichukulie kama spidi utakayoiona, wamejumlisha Mbps 150 (megabiti kwa sekunde) za 2.4 na 433 za 5 halafu wakaikamilisha juu, na kompyuta inatumia upande mmoja tu kwa wakati. Kompyuta yangu haina waifai kwenye mazabodi, miaka yote nilikuwa natumia waya, sasa ruta ikahamia chumba kingine na kutoboa ukuta sikutaka.

Siku ya kwanza nachomeka, Windows inaniletea kitu kama CD, waifai hakuna. Nikajua imekufa. Kumbe adapta nyingi za siku hizi zinabeba draiva yake humo humo ndani, zikichomekwa zinajitambulisha kama CD kwanza, unaifungua, unainstol, ndio zinageuka kuwa adapta ya waifai. Kwenye maelekezo hilo halijaandikwa popote, na ni kosa kubwa maana mtu asiyejua anarudisha kitu kizima. Halafu hiyo draiva ya ndani ni ya zamani, ikawa inakonekti dakika kadhaa inakata, inakonekti inakata. Ukitaka mpya unahitaji intaneti na intaneti ndiyo huna! Dawa yake ni simu: unaichomeka kwa waya wa USB, unawasha kushea mtandao kwa USB, kompyuta inaiona kama kadi ya mtandao, na simu nyingi za Android zikiwa kwenye waifai zinaipitisha hiyo hiyo waifai kwa hiyo bando haliguswi. Nikashusha draiva mpya kwenye tovuti ya watengenezaji, kukata kukapungua lakini hakukuisha.

Hapa ndipo nilipopoteza siku tatu jamani. Nikariset ruta, watu wote nyumbani wakaanza kuulizia paswedi, haikusaidia. Nikabadilisha paswedi, wapi. Nikariset mipangilio yote ya mtandao kwenye Windows, ikakaa jioni moja ikarudia. Na kilichonichanganya ni kwamba simu nikiwa nimekaa kwenye kiti hicho hicho inashika vizuri tu, kwa hiyo ruta haina kosa, basi mbovu ni adapta, ndivyo nilivyowaza. Nikaja kuangalia anwani ya IP ya kompyuta, yaani namba yake kwenye mtandao, nikakuta inaanzia na 169.254. Ukiona hiyo jua ruta haijakupa anwani, kompyuta imejipa yenyewe, maana yake maongezi kati ya adapta na ruta yanakatikia njiani, sasa kuhangaika na kampuni ya intaneti au tovuti gani haifunguki ni kupoteza muda, tatizo liko humo humo chumbani.

Na lilikuwa chumbani kweli. Adapta nilikuwa nimeichomeka nyuma ya CPU, CPU iko sakafuni, nyuma yake ukuta, ruta iko upande wa mbele. Yaani bati zima la kompyuta limesimama katikati ya antena na ruta, wakati simu iko mkononi hewani haizibwi na chochote. Kingine ambacho sikukitegemea kabisa, pembeni yake nilikuwa nimechomeka hard disk ya nje ya USB 3.0. Hizi USB 3.0 zikiwa zinafanya kazi zinatoa kelele kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz, Intel wenyewe waliliandikia hilo mwaka 2012, ndiyo maana kila nikikopi mafaili waifai ilikuwa inazimia na mimi sikuwa nimeunganisha hayo mambo mawili.

Nikachukua waya wa ekstensheni wa USB, mita moja tu, adapta nikaiweka juu ya meza antena imesimama, mbali na ile disk. Nyuma ya CPU nilikuwa napima 4 Mbps kwenye 2.4, mezani kwenye 5 napata 60 na kitu, na huu ni mwezi wa tano tangu niihamishe. Na usikimbilie poti ya bluu, ile ya USB 3.0, ukidhani itaongeza kasi, USB 2.0 inabeba hadi Mbps 480 na adapta hii mwisho wake ni 433, poti ya kawaida inatosha na haina zile kelele.

Ilibaki kero moja, kompyuta ikilala ikiamka waifai imepotea kabisa mpaka uchomoe uchomeke. Hiyo ni Windows inaikatia umeme ili kubana matumizi. Ingia Device Manager, tafuta adapta kwenye vifaa vya mtandao, fungua sehemu ya umeme, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa. Kwangu iliisha siku hiyo hiyo.

Mapungufu ambayo sikuyapatia dawa: 5 GHz ukuta mmoja inapita vizuri, ukuta wa pili inachoka sana, ukiwa mbali na ruta itabidi urudi 2.4. Ruta nilipoiweka WPA3 (ulinzi mpya wa waifai uliokuja baada ya WPA2) peke yake adapta haikukonekti kabisa, nikarudisha ile ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 ikakubali. Bluetooth haina. Na ule waya wa ekstensheni haumo kwenye boksi, kitu kidogo kama kile wangeweka tu, maana bila hiyo mita moja ya waya ningewaandikia nyota 1 na ningekuwa nimewaonea.

Vile vidude vidogo kama kucha visivyo na antena niliwahi kutumia kimoja kwenye kompyuta hii hii, hakifikii hapa hata robo. Kama unacheza gemu muda wote bora kadi ya ndani ya PCI Express, ila chagua yenye antena za waya unazoweza kuziweka mezani, zile zinazofungwa moja kwa moja nyuma ya CPU zitakurudisha kwenye bati lile lile.