Mangwe za Malindi: kabla hujalipa uliza mnazi umegemwa saa ngapi

Wageni wa Nairobi wakishuka Malindi mwezi wa kumi na mbili huwa wananiuliza kitu kimoja, hapa kwenu bia za viwanda vidogo ziko wapi, manake kule kwao wamezoea kina Bateleur na 254, na baa ambazo ukikaa tu unaletewa vibilauri vinne vitano uonje kwanza ndo uamue. Mi huwaambia kama mnatafuta kinywaji cha hapa hapa, kimetengenezwa na mtu mnayeweza kumpa mkono, na ladha ya leo si ya kesho, basi tuchukue tuktuk twende mangweni, kule kunakouzwa mnazi, ile pombe inayogemwa kwenye mti wa mnazi. Wengine wanadhani nawapeleka kwa ulevi wa bei rahisi. Wakishaonja ule wenyewe wananyamaza kidogo, alafu wanauliza mbona miaka yote hii wanakuja Malindi na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Kwa hivyo hii ni rivyu ya mangwe, si moja, ni zile nazozijua na narudi mara kwa mara, kuanzia barabara ya Ganda mpaka ng'ambo ya mto Sabaki. Wenye nyumba siwataji kwa majina, lakini maelezo ukiyafuata utafika, na ukipotea uliza mtu wa boda yeyote, hakuna asiyejua.

Jambo la kwanza, na kama utasoma moja tu soma hili: kwenye mnazi unalipia saa uliyogemwa. Mgema anapanda na kotama yake kiunoni, anakata ncha ya kole changa, lile shina la maua ya mnazi, likiwa bado limejifunga ndani ya karara, anafunga chombo chini yake, maji yanadondoka usiku kucha. Asubuhi anapanda tena kushusha, anachonga kijipande chembamba ili kidonda kisizibe, jioni anapanda tena, kila siku hivo hivo, Krismasi na Idi hakuna likizo kwa sababu mti hauna likizo. Kinachodondoka mwanzo ni maji matamu tu hayana kileo chochote, lakini hamira ya asili ishajaa kwenye chombo kwa hivyo kazi inaanza hata kabla mgema hajagusa chini, na ndani ya saa chache tu kileo kishafika kama asilimia 4, karibu sawa na Tusker ambayo ni 4.2. Kufikia kesho yake umechachuka, na ukiuacha zaidi unakuwa siki. Hakuna mtu aliyechemsha kitu, hakuna shayiri, hakuna kilichoongezwa, na hamira hiyo hiyo ndo mama zetu walikuwa wakiumulia vitumbua na mkate wa kumimina kabla hamira ya paketi haijajaa madukani.

Mgeni wangu mmoja anayependa sana mambo ya bia aliniambia hii ni jamaa ya lambic, ile bia ya Ubelgiji inayoachwa wazi ishike hamira ya hewani, na nakubaliana naye kwenye ule uchachu, ila lambic inakaa kwenye pipa miaka na huu wetu una siku moja ya kuishi. Ndo maana hauwezi kutiwa kwenye chupa ukapelekwa Nairobi ukafika ukiwa ule ule. Lazima uje wewe.

Sasa mangwe zenyewe. Nayoipenda kushinda zote iko njia ya Ganda, unashuka kwenye lami unaingia ndani kwenye minazi na mikorosho, mabanda mawili ya makuti, mabenchi ya magogo, chini pamefagiliwa hata jani huoni. Anayeuza ni hawe mmoja, yani bibi, mtu mzima sana na wajukuu zake ndo wanaogema, miti yenyewe unaiona ukiwa umekaa, vidato vimekatwa kwenye shina mpaka juu, na ukifika mapema utamwona kijana akishuka na vibuyu. Kinachonifanya nimheshimu huyu hawe ni kwamba hangoji umuulize, anakwambia mwenyewe, huu umeshuka saa moja asubuhi, huu ni wa jana jioni, wataka upi mwanangu. Na hauchanganyi. Nimeona watu wakimwambia jazia tu ule mwingine juu chupa ijae, anakataa katakata, bora uondoke na chupa pungufu.

Hapo ndo pa kufanya ile kazi ya kuonja. Fika kama saa tatu hivi, agiza kidogo wa asubuhi, utakuta mweupe kama maji ya mchele, mtamu, una gesi laini inakuchoma ncha ya ulimi na harufu ya nazi changa kwa mbali sana, watu wengi wanaukunywa haraka wakidhani ni soda, usifanye hivo. Kaa. Piga stori. Rudi kwenye chombo kile kile saa sita na utakuta sukari imepungua, povu limeongezeka, kuna ukali unaoanzia nyuma ya koo, na huu wa saa sita kwangu mimi ndo wenyewe, utamu na uchachu vimelingana, hakuna anayemshinda mwenzake. Alafu mwambie hawe akuonjeshe kidogo wa jana, mkavu, mchungu, unakunja uso, wazee wale wa kona hawanywi mwingine zaidi ya huo, wanasema wa asubuhi ni wa watoto. Yani mti mmoja umekupa vinywaji vitatu na hujasogea kwenye benchi.

Utapewa mboko, kile kibuyu cha kunywea, na mrija, ule mrija wa tete wenye kichujio cha nyuzi chini, na kazi ya kichujio utaielewa ukichungulia ndani, kuna nyuki wawili watatu wanaelea. Wageni wanashtuka. Nyuki ni dalili nzuri jamani, nyuki anafuata utomvu, mnazi usio na mdudu hata mmoja mi naanza kuuliza maswali. Ukitaka glasi pia unapewa, ila kwa mrija unakunywa polepole na ndo sawa. Chakula ni mihogo ya kukaanga na pilipili ya ndimu, samaki taa wa kukaanga siku akipatikana, na kama una bahati sima na mutsunga, ile mboga chungu ya majani, na ule uchungu wa mutsunga na mnazi wa saa sita sijui hata niwaelezeje, nendeni mkale.

Ng'ambo ya daraja la Sabaki ukielekea Mambrui kuna nyingine, ndogo, banda moja tu na upepo mwingi. Mnazi wa hapa mi nausikia mwepesi kidogo, hauna ule unene wa Ganda, lakini msafi kabisa na mwenyewe ni mgema, anapanda anashuka anakuuzia, hakuna mtu wa kati. Saa za jioni ndo nzuri, anaposhusha wa pili. Kuna watu wanapita hapo wakirudi kutoka Marafa kuangalia lile bonde la Nyari, na kwa kweli baada ya lile jua na vumbi hakuna kitu bora kuliko mboko ya baridi ya hapo, baridi ya kivuli namaanisha, friji hakuna na msiombe friji. Mvua za masika msihangaike, shina linateleza, anapunguza kupanda, na maji ya mvua yanaingia kwenye vyombo.

Msabaha kuna moja ya vijana, muziki juu, mpira kwenye televisheni, mnazi unakuja kwenye jagi la plastiki. Si mbaya. Wa mchana ni mzuri, wa usiku siusemei. Ukienda kwa ajili ya kampani utafurahi, ukienda kwa ajili ya mnazi rudi Ganda.

Alafu kuna ile ya mjini, na hapa lazima niseme ukweli ingawa jina naliacha. Pako karibu, pana viti vizuri, wageni wengi wanapelekwa hapo na boda kwa sababu ya ukaribu, na mnazi unafika kwa pikipiki ndani ya majerikeni ya plastiki yaliyopigwa jua njia nzima. Mara ya mwisho nimekunywa hapo ulikuwa mtamu saa kumi jioni, na mnazi wa kweli saa kumi jioni hauna utamu ule, mtu ametia sukari na maji akaona hatutajua. Namna ya kuutambua ni rahisi: ule wa kutiwa sukari unakuwa mtamu mbele alafu nyuma hakuna kitu, povu lake linakufa mara moja, na tumbo litakuambia usiku. Nilimuuliza anayehudumu umegemwa saa ngapi akanijibu "wa leo." Wa leo si jibu. Mwenye mnazi wake anajua saa, anajua mti, anajua na jina la aliyepanda.

Bia za chupa sizichukii, msinielewe vibaya. Ukitoka baharini Silversands na chumvi mwilini, weita akikuuliza ya baridi ama ya moto, ukamwambia ya baridi, Tusker hiyo ina mahali pake na ina historia yake, Kenya Breweries ilianza 1922 na ndugu wawili kina Hurst, mmoja wao George akauawa na ndovu akiwinda na bia ikachukua jina kutoka kwa mnyama huyo. White Cap nayo sawa. Lakini chupa hiyo ni ile ile Kisumu, ile ile Eldoret, hujasafiri kuja Malindi kwa ajili yake. Na bei ya chupa moja kwenye hoteli za ufuoni huko Casuarina inatosha mnazi wa watu wawili watatu Ganda na mihogo juu. Kinachoniuma ni kwamba hoteli hizo hizo, zenye kila kinywaji cha Italia unachokijua kwenye menyu, hazina mnazi, na mti wenyewe umesimama hapo kwenye bustani yao ukipigwa picha. Si lazima wauze wa kutwa nzima, wangefanya mpango na mgema mmoja tu awaletee wa saa sita, mgeni aonje na chakula cha mchana, wa kubaki wafanye siki. Siki ya mnazi kwenye kachumbari ya pweza, mwenye hoteli akiijaribu hataacha.

Na wagema wanahitaji soko kama hilo. Kazi yenyewe ni ya hatari, watu wanaanguka, nawajua waliovunjika kiuno na hakuna bima wala nini, na vijana wengi sahii wanaona bora boda. Kole likishagemwa halizai nazi, kwa hivyo mwenye shamba anaacha pesa za nazi ili apate pesa za kila siku, na kama mnazi hauna bei atarudi kwenye nazi ama akate mti auze mbao. Afadhali uongeze kitu kidogo juu ya bei ukipewa mnazi safi, mpe mgema mwenyewe mkononi.

Kwa Wagiriama hiki hata si kinywaji cha baa, ukienda kuposa bila kadzama, ule mnazi wa kupeleka ukweni, wazee hawakai kukusikiliza, na koma, yani mizimu ya wazee waliokufa, wanamiminiwa kwanza kabla ya walio hai, kwa hivyo ukiona mzee amemwaga kidogo chini kabla ya kunywa, nyamaza na umpe nafasi yake. Na mjini pia tuheshimiane, Malindi ni mji wenye Waislamu wengi, usibebe chupa ya mnazi mkononi ukikatiza mitaa ya karibu na misikiti, na Ramadhani mangwe nyingi za karibu na mji zinafunga mchana ama zinajificha, nenda za mashambani. Wenye leseni ya kaunti wameibandika ukutani, itafute kabla hujakaa, itakuepushia maneno na askari.

Usiende na gari lako. Wa asubuhi unadanganya kwa utamu wake na jua la saa saba linamaliza kazi, chukua boda ama tuktuk kwenda na kurudi, patana bei kabisa kabla hamjatoka. Maji ya kunywa beba yako. Jumapili mchana Ganda panajaa kuna ngoma na watu wa matanga wanaotoka mbali, wa asubuhi unaisha mapema sana, mi ningekuwa nyinyi ningeenda Jumanne ama Jumatano, nifike saa tatu, na nimpigie mtu wa boda aje kunichukua saa nane.