Koko, mzee wetu, abaki nyumbani Kadutu, hapa Bukavu, au aende kwa masista wanaotunza wazee?
Nyumbani Koko ana wajukuu, bugali aliouzoea na majirani wanaomsalimu kwa lugha ya Mashi. Ila Kadutu ni mlima: mvua ikinyesha njia inateleza, choo kiko nje, na mchana sote tuko sokoni. Asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, la sivyo ngozi inakufa. Juzi niliona kisigino chake: doa jekundu lisilofifia hata ukilibonyeza. Kidonda huanza hivyo.

Kwa masista kuna zamu ya usiku na sakafu tambarare. Kuna malipo pia, na maneno ya ukoo kwamba tumemtupa. Nendeni bila kutangaza, saa ya chakula, muone nani anawalisha wasioweza kushika kijiko.

Mimi ningempeleka, mradi mmoja wetu afike kila siku. Ila kwanza aulizwe mwenyewe.