Chaki ya bahari ya kale au tope la Ziwa Tanganyika: uanze na kipi darasani?

Walimu wa jiografia hapa Kigoma hawaishi kubishana juu ya mfano wa kufundishia miamba tabaka.

Kwa usafi wa mfano, chaki, ule mwamba mweupe wa chokaa, inashinda. Kati ya miaka milioni 100 na 66 iliyopita mabara yalikuwa yakitengana, matuta ya sakafu ya bahari yakavimba na kusukuma maji hadi nchi kavu. Mahali ambapo tope la mito halikufika, vigamba vya mwani mdogo mno vilitua chini, sentimita chache tu kila miaka 1,000. Baadaye mgandamizo wa mabamba ya gamba la dunia ukaziinua tabaka hizo. Ndizo zile kuta nyeupe za Dover, Uingereza. Chini ya Bahari ya Kaskazini zilizama badala ya kuinuka, nyingine zikaporomoka miteremkoni, na leo zinabeba mafuta. (Chaki ya ubaoni, mara nyingi, ni jasi. Wanafunzi hushangaa.)

Kwa kuonyesha bonde la ufa likiwa kazini, ziwa halina mpinzani. Ardhi inatanuka, sakafu inadidimia, Mto Malagarasi unamwaga tope. Mashapo yamefikia unene wa kilomita kadhaa. Tena kilindini hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna minyoo ya kuvuruga tabaka. Chaki ilifukuliwa sana na viumbe.

Gharama? Ziwa ni nauli ya daladala, ingawa tope lenyewe hulifikii. Chaki ni picha tu.

Kidato kinachokimbizana na mtihani, chaki inaeleweka haraka. Watoto wa Ujiji na Kibirizi ningewaanzishia ziwa.